Udongo Tuliotafuna Nyuma ya Zizi

Patiala, 11 Septemba 1993

Shangazi yangu Dhapu,

Nainama niguse miguu yako, na ya baba pia, japo kutoka huku mikono haifiki. Mimi ni mzima na natumaini nanyi nyote ni wazima. Je, mvua ilirudi baada ya mimi kuondoka? Uwele umeshika? Oma bado anajifanya kuumwa tumbo kila siku ya hesabu? Mwambie mimi dada yake nikirudi nina masikio mawili tu ya kuvuta, na yote ni yake. Na yule swala mdogo mliyemwokota shambani, ameanza kula majani au bado analilia chupa?

Bweni letu hapa kambini liko nyuma kabisa ya uwanja wa mbio. Chumbani tuko wasichana wanne, na kitanda cha jirani ni cha Annamma kutoka Kerala, naye hukimbia mita elfu tatu kama mimi. Hajui Kihindi vizuri na mimi sijui chake hata kidogo, lakini tunagombana vizuri tu.

Nikuchekeshe. Sare zetu ni za bluu. Nikamwambia kocha, Madam Gurdip, kwamba sisi Wabishnoi kwa dini yetu hatuvai bluu. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia hatuvai miguu. Siku mbili nilikimbia na nguo zangu za nyumbani, wenzangu wakiniita bibi harusi, hadi akachoka mwenyewe, akanichimbulia stoo sare ya zamani ya rangi ya damu ya mzee. Ina kiraka makalioni, lakini si bluu.

Mbio zinaenda. Nachoka kidogo, ni hali ya hewa tu. Kichwa nacho huuma kidogo asubuhi, na nikipanda ngazi moyo unapiga haraka kidogo. Usimwambie baba.

Mwanao,
Sugni


Lambasar, 30 Septemba 1993

Sugni mwanangu, uishi maisha marefu,

Barua yako ilifika tukiwa shambani, nikaisoma nimesimama na mundu mkononi. Baba yako hajambo ila goti. Oma hajambo ila uvivu. Swala anakula majani na pia amekula shuka langu. Uwele umeshika, si kama mwaka juzi lakini hatutalala njaa. Siku ya mwezi kufa tulichoma samli kwenye moto wa sala, nikalitaja jina lako kwa sauti, hadi jirani yetu, mama yake Kisna, akageuka kuniangalia. Acha aangalie.

Sasa wewe. Umeandika "kidogo" mara tatu mahali pamoja. Mimi nimekulea tangu una miaka minne, mama yako alipotutoka. Ulipovunjika mkono ulisema unauma kidogo. Ulipoanguka kisimani ulisema umelowa kidogo. Niambie ukweli, na uuandike kwa herufi kubwa kwa sababu macho yangu yamechoka.

Nakutumia kopo la samli na maandazi ya ufuta na sukari guru. Usimgawie kila mtu. Yule wa Kerala mpe moja. Na kunywa maziwa! Asubuhi, mchana na usiku, na kila mlo ushushie kwa chai nzito ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa nyekundu. Mimi chai hiyo ndiyo inayonisimamisha mpaka jua linazama.

Wako,
Dhapu


Patiala, 24 Oktoba 1993

Shangazi,

Nainama miguuni pako. Maandazi yalifika, mawili yamevunjika, mengine yote yameisha. Annamma nilimpa matatu, nisamehe.

HAYA NI MAANDISHI MAKUBWA. Nilianguka uwanjani, mzunguko wa tano. Sikujikwaa. Uwanja uliinuka tu ukanijia usoni. Wakanipeleka kwa daktari wa hapa, Dokta Vasudha, akanishusha kope la chini kwa kidole, akaangalia, akasema, "Huyu ni mweupe ndani kama karatasi." Damu ikapimwa. Imesoma nane. Inatakiwa ifike kumi na mbili, na kwa mtu anayekimbia, zaidi.

Madam Gurdip hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kitandani kwangu akasema, "Binti, miguu unayo. Damu huna. Kuanzia kesho utakula mayai, na mara mbili kwa wiki ini la mbuzi. Mchujo ni mwezi wa pili. Ukifika pale na damu nane, nitakurudisha kwenu, maana sitaki kumbebea baba yako maiti."

Nikamwambia kwetu hatuli nyama wala mayai.

Akasema, "Kwenu hawakimbii mita elfu tatu."

Jioni Annamma akaniletea bakuli chumbani, akafunga mlango. Supu ya ini. Alikuwa ameipigania jikoni, masikini, akiwa na nia njema kabisa. Ilinukia pilipili manga. Shangazi, sikula. Lakini nililia, na sikulia kwa sababu ya mbuzi. Nililia kwa sababu nilitaka kula.

Najua ungependa kujua hilo kuliko yote, ndiyo maana nimeliandika. Usimwonyeshe baba.

Sugni


Lambasar, 16 Novemba 1993

Sugni mwanangu,

Diwali, sikukuu ya taa, imepita bila wewe. Nimewasha taa yako kwenye dirisha lako. Wote ni wazima, na goti la baba yako limeongeza mdomo.

Barua yako nilimficha, lakini Oma alimwambia nimeisoma mara nyingi huku nimekaa. Baba yako akasema, "Dhapu, mtoto ana nini?" Nikasema mafua. Akasema, "Mafua hayamkalishi mtu kama wewe." Nikamwambia.

Akavua kilemba, akakikunja, akakivaa tena. "Arudi," akasema. "Kesho naenda kumleta. Mbio zenyewe anakimbizwa na nani?"

Nikamwambia, "Ukienda kumleta, mimi nitakaa pale mlangoni pa bweni na yeye, na utapika mwenyewe."

"Na wakimlisha nyama?"

"Pokarram, huyo ni mtoto wako, si gunia la kutiwa chochote."

Hajaenda. Ila haongei nami tangu jana, na utulivu ni mzuri.

Sasa sikiliza. Ulinyooka ukaniambia, na mimi nakunyookea. Hata kama ungekula lile bakuli lote na kulilamba, mlango wa nyumba hii ungekuwa uleule na mimi ningekuwa nimesimama palepale. Lakini umeshinda bila kula, na hilo nalo ni lako, hakuna aliyekupa.

Mwambie Madam wako kwamba ngamia wetu hajawahi kuonja ini na anavuka jangwa.

Ongeza maziwa.

Dhapu


Patiala, 9 Desemba 1993

Shangazi yangu,

Naigusa miguu yako, na ya baba, hata kama amenuna. Baridi ya huku inauma mifupa. Nimevaa ile sweta ya Oma, mikono inaishia viwikoni.

Nilimwambia Madam habari za ngamia. Akasema ngamia hajawahi kuja kwenye mchujo. Lakini alicheka, na kesho yake akanipeleka mwenyewe kwa Dokta Vasudha, akamwambia, "Huyu hatakula nyama hata nimchinje yeye. Kuna njia nyingine au hakuna?"

Dokta akasema, "Njia ipo, ila ni ndefu." Akaniuliza nakula nini hapa. Nikamwambia: viazi, mkate mweupe, jibini, maziwa na chai. Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, kutokula nyama si kosa lako. Kosa ni kufikiri kwamba viazi na chai ndiyo chakula cha asiyekula nyama."

Shangazi, usikasirike, ila ile chai yetu ndiyo inayoniibia. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Maziwa mengi wakati wa kula nayo yanazuia. Nilikuwa nikifuata maneno yako kwa bidii, na nilivyofuata ndivyo nilivyozidi kuchoka. Si kosa lako. Hata mpishi wa hapa hakujua, na yeye ana cheti.

Sasa nakula hivi. Dengu na choroko kila siku, zimelowekwa usiku na kuachwa zichipue. Uwele, ambao Madam ameuagiza kwa ajili yangu. Mboga za majani zimepikwa kwenye karai la chuma, si kwenye sufuria hizi zinazong'aa. Kila sahani naikamulia limau, kwa sababu uchachu wake ndio unaoufungulia mwili mlango. Chai naisubiri saa nzima na zaidi, na kusubiri huko kunauma kuliko mbio. Na vidonge, kwa sababu Dokta anasema kwa damu nane chakula peke yake kitachelewa. Vinanifunga choo na vinakifanya cheusi kama lami. Nilipiga mayowe siku ya kwanza, bweni zima likaja kuangalia.

Kuna jambo jingine. Dokta aliniuliza, "Kwenu nani hula kwanza?" Nikasema wanaume, halafu watoto, halafu wageni kama wapo, halafu shangazi. "Shangazi hula nini?" Ikabidi nifumbe macho nikuone jikoni. Nilikuwa sijawahi kuangalia. Mkate na pilipili ya kusaga. Na chai.

Akauliza kama kuna mtu nyumbani anayetamani kula vitu visivyo chakula. Barafu, mkaa, udongo. Anasema mwili usio na chuma hutamani hivyo bila kujua unatafuta nini.

Nilimwambia ndiyo. Shangazi, nilikuwa mdogo lakini niliona. Ule udongo wa ukuta unaoumega nyuma ya zizi na kuuficha kwenye pindo la shela. Uliniambia nisiseme, na sikusema mpaka juzi.

Nenda ukapimwe damu. Tafadhali.

Sugni


Patiala, 21 Januari 1994

Shangazi,

Natumaini hamjambo. Mtu wa posta amenizoea, akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Damu yangu imefika kumi. Nilidhani ungependa kujua.

Kama nimekukosea, nitukane. Wewe hujui kunyamaza, na hii inanitisha.

Sugni


Lambasar, 12 Februari 1994

Sugni,

Sote ni wazima. Baba yako anaongea tena. Haradali imechanua.

Nilikukasirikia. Mtu wa mbali, mwanamke ambaye sijui hata anakaaje, anajua ninachotia mdomoni! Jambo ambalo hata marehemu mume wangu hakulijua. Niliichukua barua yako nikaisukuma chini ya gunia, nikasema sitajibu hadi sikukuu ya Holi. Halafu ile ya pili ikaja, na ile kumi ikanilegeza, maana nilitaka kumwambia mtu, na wa kumwambia hapakuwa.

Lakini si hasira tu iliyonifunga mkono. Kuna kitu sijawahi kukuambia. Sikukificha kwa ubaya. Nilikuwa sijui ni kitu.

Mama yako naye alitafuna. Wifi yangu Gavri. Alikuja nyumba hii akiwa msichana wa kicheko, na mwezi wa kwanza tu alinifumania nyuma ya zizi, mdomo umejaa. Nilidhani atanisema. Akanyoosha kiganja, akasema, "Nimegee, wifi. Kwetu ulikuwa mtamu zaidi." Tangu siku hiyo tulikwenda wawili. Jua likishuka, kazi ikiisha, wanaume wakishakula, sisi tunakaa na migongo ukutani tunatafuna na kuwasengenya watu wote wa Lambasar. Ndiyo saa yangu iliyokuwa nzuri kuliko zote hapa duniani, Sugni. Alipokuwa na mimba ya Oma alikuwa anatafuna asubuhi na jioni, na uso wake ulikuwa mweupe, watu wakimsifu kwamba amependeza.

Oma alipozaliwa, damu ilitoka. Haikuwa nyingi sana. Mkunga mwenyewe alisema ameona wanawake waliotokwa na nyingi zaidi na kesho yake wakakamua ng'ombe. Gavri hakuwa nayo ya kutoa. Aliniambia, "Wifi, nasikia baridi," na ilikuwa mwezi wa tano, mawe yanawaka. Nilimfunika kwa kila kitu kilichokuwa ndani.

Watu walisema ni jicho la hasidi. Mimi nikaamini. Sasa nimesoma mistari yako juu ya udongo, nikaona tulikuwa tumekaa pale nyuma ya zizi tunacheka, na mwili wake unaniambia, na wangu unamwambia yeye, na hakuna kati yetu aliyejua lugha hiyo.

Sitaki kupimwa. Mimi ni mzee wa miaka arobaini na mitatu, nimeshazoea.

Kimbia vizuri.

Dhapu


Patiala, 3 Machi 1994

Shangazi yangu, mama yangu,

Barua yako nimemsomea Annamma neno kwa neno, kwa Kihindi chepesi anachookoteza, kwa sababu sikuweza kukaa nayo peke yangu. Tulilia pamoja, yeye kwa lugha yake.

Siku zote nilikuwa namwona mama kama picha ya ukutani. Sasa namwona amenyoosha kiganja. Asante kwa kunipa hicho.

Mchujo umepita. Damu yangu ilikuwa kumi na moja na kitu. Niliongoza mzunguko mmoja mzima, hebu fikiria, halafu nikaishiwa, nikamaliza wa tano. Wanachukua watatu. Annamma amechukuliwa. Nilimkumbatia, na kweli nilifurahi, na kweli pia niliona wivu. Madam Gurdip aliniita pembeni, nikajua nafungasha. Akasema, "Mwezi wa kumi ulianguka mzunguko wa tano. Leo umemaliza yote. Nataka kukuona mwakani." Nimebaki.

Sasa sikiliza, maana nami nakunyookea. Unasema umezoea. Dokta anasema ndivyo inavyokuwa: damu hupungua polepole, na mtu anazoea kama anavyozoea mzigo kichwani, hadi anafikiri shingo ndivyo ilivyoumbwa. Akaniambia nikuulize kuhusu siku zako za mwezi, kama zinatoka nyingi au zinachukua muda mrefu. Usinijibu mimi. Mjibu daktari wa kike, mjini Jodhpur wapo.

Shangazi, mama alisema anasikia baridi na wewe ukamfunika. Mimi nipo mbali, siwezi kukufunika. Nenda kabla hujasikia baridi.

Nimemwandikia baba pia. Nisamehe. Nimemwambia yote.

Sugni


Lambasar, 17 Julai 1994

Sugni mwanangu, msaliti wangu, uishi miaka mia,

Mvua imenyesha mapema. Oma amefaulu hesabu, sijui amemwibia nani. Wote ni wazima, na safari hii naliandika neno hilo nikiwa nimo.

Baba yako alisoma barua yako akiwa amekaa kwenye kitanda cha kamba uani. Alipomaliza aliinuka. Alikwenda nyuma ya zizi, nikamwona anaukodolea macho ukuta pale ulipomegekamegeka, akaupapasa kwa kiganja. Alirudi akasema, "Vaa viatu."

"Nina unga kwenye moto."

"Uache uungue, Dhapu. Vaa viatu."

Jodhpur walinipima. Sita. Daktari, msichana mdogo kama wewe, aliniuliza, "Mama, umekujaje hapa?" Nikasema kwa basi. Akasema, "Nashangaa umesimama." Siku zangu za mwezi, ndiyo, zilikuwa kama mfereji tangu miaka mingi, na nilidhani kila mwanamke ni hivyo, maana nani humuuliza mwenzake? Kulikuwa na uvimbe, mdogo, si wa kuua. Wameutoa. Wiki tatu nililazwa nikipikiwa na watu wengine, jambo ambalo sikuwahi kuliona na nisingependa kulizoea.

Kabla ya kunipasua walihitaji damu ya kuniongezea. Baba yako! Mtu anayefumba macho mbuzi akidungwa chanjo! Alijilaza pale, kilemba kimemteremka usoni, akawaambia, "Toeni yote mnayotaka, mimi nimekuwa nikila kwanza miaka yote." Yule daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikageukia ukuta. Sasa nina damu yake, na ndiyo sababu siku hizi nakuwa mkaidi.

Nyumbani sasa sahani zinatengwa kwa pamoja. Jioni ya kwanza sikujua nikae wapi. Nilisimama na mwiko kama mgeni, hadi Oma aliposogea akanipisha. Nakula dengu zilizochipua, nakamulia limau, nameza vidonge kwa uso wa mtu aliyefiwa. Chai nasubiri. Hilo tu ndilo sijamsamehe Dokta wako. Mke wa Kisna naye ana mimba na uso wake umeanza "kupendeza." Nimemburuta Jodhpur kwa mkono mama mkwe wake akipiga kelele. Damu saba. Yuko kwenye vidonge.

Udongo sijauonja tangu mwezi wa nne. Sijajikaza. Nimeamka tu siku moja nikaona siutaki. Nilikaa pale nyuma ya zizi jioni hiyo, na sikuwa na la kutafuna, nikamsimulia Gavri habari za kijiji mdomo ukiwa mtupu.

Jana ndama wa jirani aliingia kwenye uwele wetu, uwele wenyewe ndiyo kwanza umefika magotini. Nilipiga kelele nikatoka mbio. Akakimbia, nikakimbia, akapinda, nikapinda, hadi kule kwenye ua wa miiba unaopakana na wa kina Kisna, na akaruka akaenda zake. Nikasimama pale na shela mkononi nikisubiri kitu. Nilisubiri kile kizunguzungu, giza lile la machoni, moyo kugonga shingoni, na kutafuta mahali pa kukaa. Nikasubiri, hakuna kilichokuja. Nilikuwa nahema tu, kama mtu aliyekimbia.

Nikatazama nyuma. Nyumba ilikuwa ndogo kule mbali.

Hakuna aliyeniona, Sugni, kwa hiyo nakuambia wewe, wewe unayejua mambo haya. Nilirudi pia mbio.

Dhapu